Utitiri: miguu sita kwanza, minane baadaye

Ukiwa Mwanza ukalitaja neno "utitiri", maana yake itategemea unaongea na nani. Kwa mtangazaji wa redio ni wingi uliopita kiasi: utitiri wa bodaboda, utitiri wa kodi. Kwa mama anayefuga kuku wa kienyeji Buswelu ni vile vijidudu vinavyomtambaa mikononi anapookota mayai kiotani. Kwa mkulima wa muhogo Ukerewe ni ule ugonjwa wa kiangazi unaofanya majani ya kileleni yadumae na kujaa vidoa vya njano, ingawa kwa kweli si ugonjwa, ni kiumbe kinachofyonza jani kwa chini. Maana hizi zina ukaribu. Utitiri ni mwingi kwa sababu unaongezeka haraka mno, na siri ya kasi hiyo imo ndani ya yai.

Kwanza ukoo wake. Kwenye maongezi ya kawaida utitiri ni mdudu, na sioni ubaya wa kusema hivyo. Kibaiolojia, hata hivyo, hauko pamoja na nzi na mende. Ndugu zake ni buibui, nge na kupe. Hauna mabawa wala vipapasio, na kichwa, kifua na tumbo havijatengana, vimekuwa kama kifuko kimoja chenye miguu. Wanasayansi wameshaorodhesha aina zaidi ya 40,000, na nyingi hazina habari na binadamu: zinaishi udongoni zikila kuvu na majani yanayooza.

Sasa yai. Juzi nilikuwa na jirani tukibandua fito za kulalia kuku wake. Kwenye ufa wa mbao kulikuwa na vumbi la kijivu, ambalo ukiliangalia kwa lenzi si vumbi: ni magamba matupu ya utitiri uliojivua. Katikati yake walikuwamo wakubwa, wekundu kwa damu waliyonyonya usiku, na pembeni vijiyai vyeupe vilivyorundikana. Mchana kuku hana utitiri huu mwilini, ndiyo maana wengi humkagua kuku wasione kitu. Nyumba yake ni ule ufa.

Kwenye utitiri wa kuku, ganda la yai lake halionyeshi mengi. Kwenye muhogo ni rahisi zaidi, kwa kuwa mayai ya utitiri wa mimea ni ya duara na yanapitisha mwanga. Ukubwa wake ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani yake kiini kinagawanyika mara nyingi, kisha seli zinapanda juu na kuzunguka ute wa chakula kama ngozi nyembamba. Upande mmoja wa ngozi hiyo unanenepa na kuwa mkanda. Huo mkanda ndio kiinitete. Unachipua vijivimbe viwili viwili: jozi ya kwanza itakuwa meno ya kuchomea, ya pili itakuwa vishikio vya pembeni mwa mdomo, na zinazofuata zitakuwa miguu. Siku chache tu baada ya kutagwa, madoa mawili mekundu yanaonekana kupitia ganda. Ni macho. Hapo yai liko karibu kupasuka.

Kinachotoka kina miguu sita, si minane. Kwenye baadhi ya aina zilizochunguzwa, kivimbe cha mguu wa nne huanza kuota ndani ya yai, kisha kinasimama na kusubiri. Mtoto huyu wa miguu sita anaitwa lava. Akijivua gamba anakuwa tunutu, na sasa miguu ni minane. Anajivua tena, mara nyingi mara mbili, ndipo anakuwa mkubwa. Wafugaji wa ng'ombe wanaweza kuliona jambo hili kwa kupe: wale wachanga wanaong'ang'ania ncha za nyasi kama punje za vumbi wana miguu sita pia.

Ukishaelewa yai, utaelewa kwa nini dawa "imeshindwa". Dawa nyingi zinaua anayetembea, lakini kiinitete kimejifungia ndani ya ganda. Jirani alipulizia banda mara moja, akafurahi siku tatu, wiki iliyofuata utitiri ulikuwa palepale. Kwa joto linalofaa, utitiri mwekundu wa kuku unatoka yai hadi mkubwa kwa takribani siku saba, kwa hiyo dozi ya pili inatakiwa kuwahi kabla waliototolewa hawajaanza kutaga. Upele wa binadamu una hesabu ileile. Jike la utitiri wa upele anachimba handaki kwenye ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Yanatotolewa baada ya siku tatu au nne. Vidonge vya ivermectin haviui mayai hayo, ndiyo sababu daktari anaagiza dozi irudiwe. Naomba msiiache hiyo ya pili kwa kuwa mwasho umepungua.

Utitiri wa muhogo una jambo jingine la ajabu. Yai lililorutubishwa linatoa jike. Lisilorutubishwa haliozi, linatoa dume. Jike mmoja aliyepeperushwa na upepo hadi shamba jipya, bila mume, anaweza kuzaa madume, akapandwa na mwanawe, na ukoo ukaanza.

Utitiri huo wa kijani asili yake ni Amerika Kusini, na barani Afrika uligunduliwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1971, kisha ukasambaa kote kunakolimwa muhogo. Mvua kubwa huupunguza kwa kuuosha majanini. Adui yake mwingine ni utitiri mwenzake, uliotoka Brazil na kuachiliwa Benin mwaka 1993, ambao umeenea katika nchi nyingi. Mchana unajificha ndani ya kilele cha muhogo, kwenye majani yasiyofunguka. Usiku unashuka kuwinda, na mayai ni sehemu ya chakula chake. Kwa hiyo kabla ya kupulizia shamba, funua kilele kimoja kwa kidole. Wa kijani wanaotambaa polepole ni waharibifu. Ukikuta mweupe, mwenye mwendo wa haraka, anayekimbia mwanga, huyo ndiye mwindaji, na dawa hiyo itamuua na yeye.