Historia na Somo Gani?

Kila muhula wa kwanza wanafunzi wapya wa chuo kikuu hapa Uganda hunijia na swali lile lile: mwalimu, Historia niisome pamoja na nini? Wengi wametoka sekondari na HEG (Historia, Uchumi na Jiografia) au HED (Historia, Uchumi na Dini), na wanachotaka hasa ni kuambiwa somo lipi ni jepesi. Anayesomea ualimu hana ujanja, maana shule zetu zinataka mtu wa masomo mawili. Wengine wana nafasi ya kuchagua, na hao huwaambia: chukua somo litakaloibishia Historia, na ambalo Historia italibishia nalo.

Uchumi ndio mfano ninaoupenda. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, ambao Harry Johnston aliutia saini kwa upande wa Waingereza, uliweka kodi ya kibanda: rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba ya kuishi. Mpe mwanafunzi wa Uchumi takwimu za kodi hiyo, macho yatamng'aa. Idadi ya nyumba, mwaka baada ya mwaka! Atazidisha kwa watu wanne au watano kwa nyumba, apate idadi ya watu, kisha achore mstari wake. Hapo mwanahistoria hana budi kuuliza: kodi ikitozwa kwa nyumba, watu hufanya nini? Hubanana. Kijana ambaye angejenga kwake anaendelea kulala kwa kaka yake. Serikali iliuona mchezo huo, na ndiyo sababu mojawapo ya kuletwa baadaye kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipia nyumba. Nyumba kupungua daftarini si ushahidi kwamba watu wamepungua.

Lakini tusikimbilie kumcheka mchumi, kwa sababu huenda walipungua kweli. Miaka hiyo hiyo malale yalikuwa yanateketeza vijiji vya ukingo wa Ziwa Victoria, Busoga na Buganda, na makadirio ya kawaida ya vifo yanapita 200,000. Kwa hiyo daftari moja limebeba mambo mawili kwa pamoja, ukwepaji na vifo, nalo halisemi lipi ni lipi. Namna ya kuyatenganisha ni kulinganisha saza (kaunti za Buganda) moja kwa nyingine. Saza iliyo mbali na ziwa, isiyofikiwa na mbung'o waenezao malale, ikiwa nayo imepoteza nyumba, basi shuku kodi. Hesabu ya kulinganisha inatoka Uchumi. Kujua saza ipi iliugua, nani alikuwa mkusanyaji, na kama alikuwa na sababu ya kupunguza takwimu zake, hiyo ni kazi yetu. Mwanafunzi mwenye masomo yote mawili anaweza kuifanya peke yake, na kusema kweli huwa naifurahia insha ya namna hiyo kuliko kumi zinazosimulia Mkataba kipengele kwa kipengele.

Pamba nayo iko hivyo hivyo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, 1901, mbegu za pamba zikaletwa 1903. Katika mihadhara ya Uchumi mkulima huonekana ameitikia bei. Bei ilikuwepo, sikatai. Ila machifu walikuwepo pia, wakisisitiza watu walime, na mtoza kodi alikuwepo, akitaka sarafu kwa watu ambao mwanzoni wengi wao walikuwa wakilipa kwa vitu na kwa kazi.

Kwa Jiografia nitasema machache. Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka ukingo wa ziwa ili kuwatenga na mbung'o, na miaka michache baadaye wakazi wa visiwa vya Ssese nao wakaondolewa. Leo mgeni akishuka Kalangala, huko huko visiwani, huona msitu na kudhani umekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Mwanafunzi mwenye ramani bila nyaraka anaweza kudhani vivyo hivyo.

Kiswahili, somo ambalo wenzangu wengi hulisahau, nalipigia debe waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika utawala na elimu, na Daudi Chwa, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, akapinga. Ukilitazama kwa jicho la isimu tu, utaona watu waliochukia lugha. Liweke kando ya mjadala wa miaka hiyo wa kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, utaona Buganda ikihofia hadhi yake na ardhi yake. Tena, anayejua Kiswahili vizuri anaweza kukaa na mzee Mnubi wa Bombo, mzao wa askari wa Kisudani wa jeshi la kikoloni, akamhoji kuhusu jeshi la zamani bila mkalimani katikati.

Fasihi, Dini na Siasa zote ni jirani wema. Tatizo langu ni kwamba zinafanana mno na Historia kwa namna ya kusoma na kuandika, na mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu bila kulazimika kusoma jedwali hata moja. Wapo wanaofanya vizuri sana humo, ila wanahitaji kujisukuma wenyewe.

Wazazi huuliza kuhusu mshahara, na wana haki. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali alipangiwa shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na walimu wa sanaa wakaachwa nyuma hadi wakagoma. Somo la pili halitaondoa pengo hilo. Linaweza tu kukufungulia kazi nje ya darasa, na hapo Uchumi na lugha zina nguvu zaidi.

Ukishachagua, jiandae kuandika kwa namna mbili. Idara ya Uchumi inataka ufupi na majedwali. Sisi tunadai tanbihi na tutakuuliza kila karatasi iliandikwa na nani. Tafuta mapema, mwaka wa pili usiishe, swali moja la utafiti linalohitaji masomo yako yote mawili, uende nalo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Wandegeya, Kampala. Na kabla ya kujisajili, weka ratiba za idara zote mbili mezani uzilinganishe, kwa sababu kozi mbili za lazima zikigongana saa nne asubuhi ya Jumanne, hakuna mhadhiri atakayekuhamishia yake.