Haki ya aliyetangulia: maji yalivyogawanywa Greeley, Colorado

Haki ya aliyetangulia ni kanuni ya kugawa maji ya mto isiyojali shamba la nani limepakana na ukingo. Kinachoangaliwa ni nani alianza kuyatumia. Wa kwanza huchukua fungu lake lote, wa pili hufuata, na ukame ukibana, wa mwisho hukosa hata tone. Hakuna kupunguziana.

Kanuni hii ni ya magharibi mwa Marekani, na mji wa Greeley ulichangia sana kuijenga. Ulianzishwa mwaka 1870 na chama cha walowezi kilichoitwa Union Colony. Kiongozi wao, Nathan Meeker, alikuwa mhariri wa kilimo wa gazeti la New York Tribune, na kila mwanachama alitoa dola 155. Walikuwa watu wa msimamo: hati za viwanja zilikataza pombe, na kuiuza mjini kulibaki marufuku hadi 1969. Walizungusha hata uzio mrefu kuzuia ng'ombe wa wafugaji wasile mazao.

Lakini kilichoendesha maisha yao ya kila siku ni mfereji. Mvua ya huko haitoshi kulima kwa kuitegemea peke yake, kwa hiyo walichepusha maji ya mto Cache la Poudre. Mfereji wa mjini ulinywesha bustani, na mwingine, mkubwa zaidi, ulikwenda mashambani. Huo wa mashambani ulichimbwa mwembamba mno, ikabidi upanuliwe, na gharama ikapita mbali makadirio ya Meeker. Kulima kukawa kazi ya koleo na kuvizia banio: maji yakifika unayaelekeza kwenye matuta, uwe umechoka au la.

Mwaka 1874 mto ulipungua. Walowezi wa Fort Collins, waliokuja baadaye, walikuwa wamefungua mifereji yao upande wa juu, na maji yakawa hayafiki Greeley. Pande mbili zilikutana na kuvutana vikali. Watu wa Greeley walidai haki yao kwa kuwa walitangulia, na katiba ya Colorado ya 1876 iliandika msimamo huo: atanguliaye kutumia ana haki bora. Mwaka 1882 mahakama kuu ya jimbo iliukazia katika kesi ya Coffin dhidi ya Left Hand Ditch.

Huko kutangulia, bila shaka, kulihesabiwa kwa namna yake. Waarapaho na Wacheyenne waliishi kwenye mito hiyo kabla ya mlowezi yeyote, lakini sheria ilitaka mtu aliyeyachepusha maji kwa kazi inayotambulika, si aliyeyakuta.

Haki hiyo pia huuzwa, pamoja na tarehe yake. Ndiyo maana miji inayopanuka karibu na Denver imenunua haki za wakulima zenye tarehe za karne ya 19, na baadhi ya mashamba yakaachwa makavu.