Korona na umri: eti "ni ugonjwa wa wazee tu" na mengine tuliyoaminishwa

"Vijana hawapati korona, ule ni ugonjwa wa wazee." Hii ndo mama wa dhana zote na imedumu kwasababu nusu yake ni kweli. Wazee ndo wamekufa wengi, hilo halina ubishi, kule Marekani kama watatu katika kila wanne waliofariki walikua na miaka 65 kwenda juu. Shida iko hapo kwenye "hawapati". Kuambukizwa na kufa ni vitu viwili tofauti lakini kwenye mazungumzo vinachanganywa kila siku.

Mfano mzuri ni meli mbili za mwaka 2020, wakati huo hakuna mtu aliyekua na chanjo. Ya kwanza ni Diamond Princess, meli ya watalii iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, ilikua na watu 3,711 na abiria wengi ni watu wazima walioshastaafu, wakaambukizwa zaidi ya 700 na waliofariki wakapita kumi. Ya pili USS Theodore Roosevelt, manowari ya Marekani inayobeba ndege, ina mabaharia karibu 4,800 na wengi ni vijana wanaofanya mazoezi kila siku, huko wakaambukizwa 1,271. Umeona, wengi kuliko kwenye meli ya watalii! Kirusi kilizunguka humo ndani vizuri tu maana watu wanalala vitanda vya juu na chini na wanakula pamoja. Ila waliolazwa hospitali walikua 23, aliyefariki mmoja, na karibu nusu ya walioambukizwa hawakuona dalili yoyote mwanzo mpaka mwisho. Kwahiyo kijana anapata kama kawaida, alafu anaweza kuwa nacho na asijue, na hapo ndo anampelekea mwenzie mwenye miaka 75.

Kuna wale wanaosema ukishafika 60 ndo uanze kuogopa. Kama vile kuna geti pale, ukiwa na 59 uko salama, siku ya birthday umeingia hatarini. Hapana jamani. Wataalamu walipokusanya takwimu za mwaka 2020, kabla ya chanjo, walikuta kwamba katika watu walioambukizwa, wenye miaka 25 alikua anafariki kama mmoja kati ya elfu kumi. Miaka 55 ni kama wanne kati ya elfu moja, miaka 65 kama 14 kati ya elfu, miaka 75 kama 46, na miaka 85 wanafika 150 kati ya elfu. Angalia hizo namba vizuri, hakuna sehemu ambapo zinaruka ghafla, zinapanda tu taratibu, hatari inajizidisha mara mbili karibu kila miaka mitano au sita. Mtu wa 55 anayejiita kijana (na wapo wengi!) hatari yake ilikua kama mara 40 ya yule wa 25. Siku hizi namba zimeshuka sana kwasababu watu wengi wameshachanjwa au wameshaugua, lakini ule mpando wenyewe bado upo vilevile, aliye juu kwa umri bado ndo anaumia zaidi.

Sasa hapa kuna mjadala ambao hauishi: ni umri unaoua au ni kisukari na presha? Watu wanapenda kuchagua kimoja. Ukweli ni vyote viwili, na magonjwa sugu yanaongeza hatari kwa rika lolote, mtu wa miaka 40 mwenye unene uliopitiliza na kisukari asijilinganishe na mwenzie wa 40 asiye na kitu. Lakini hata mzee asiye na ugonjwa wowote kinga yake sio ya zamani. Tezi ya thaimasi iliyoko kifuani, ambako zinakomaa seli za kinga za kupambana na maadui wapya, inasinyaa tangu ujanani, kwahiyo mzee anabaki na askari wengi wanaojua vita vya zamani na wachache wa kujifunza vita vipya, na korona mwaka 2020 ilikua vita mpya kabisa. Na kuna hili lililonishangaza mimi nilipolisoma: baadhi ya watu wana kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe, yaani zile kemikali za mwili za kupiga kengele virusi vikiingia. Kwa vijana ni nadra sana, kwa waliopita miaka 70 wanafika kama 4 kati ya 100, na wanasayansi wanazihusisha na karibu moja ya tano ya vifo vya korona. Mtu kama huyo haumwi popote, anatembea, anacheka, na hajui kabisa.

Dhana ninayoiona ni hatari kuliko zote ni hii ya "hana homa, hakohoi, basi sio korona". Kwa mtu wa miaka 30 sawa, mara nyingi utaona homa, kikohozi, koo, kuchoka. Mzee anaweza asiwe na hata kimoja. Joto lake la kawaida liko chini kidogo kwahiyo hata likipanda, kipimo kinaweza kisionyeshe namba ya kutisha. Kinachoonekana ni mambo mengine: bibi ambaye jana alikua anataja majina ya wajukuu wote leo anauliza nani amesimama mlangoni na mlango umefungwa, au babu ameanguka chooni bila sababu, au mtu anasinzia mchana kutwa na sahani imerudi kama ilivyokwenda. Familia inasema "uzee huo". Kubadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili sio uzee, uzee hauji jumatatu. Mpime, na kama kuna kile kimashine cha kubana kidoleni angalia oksijeni, maana inaweza kushuka na yeye wala halalamiki kubanwa pumzi.

Tukija kwa watoto, watu wanaamini vitu viwili vinavyopingana, kwamba hawapati kabisa na kwamba wao ndo wasambazaji wakuu. Wanapata, na wanaambukiza pia, ila wengi wanaugua kidogo kama mafua. Hili kwa kweli ni la ajabu kwasababu mafua makali huwa yanaua watoto wadogo na wazee, na yale ya 1918 yaliua sana watu wa miaka 20 mpaka 40, korona ikaja na tabia yake nyingine. Maelezo mojawapo ni kwamba kinga ya puani kwa mtoto inakaa macho muda wote, inakistukia kirusi mapema kabla hakijashuka kwenye mapafu.

Ila usilale. Mara chache sana, wiki 2 mpaka 6 baada ya maambukizi ambayo pengine hamkuyaona hata, mtoto anapata uvimbe kwenye viungo vingi vya mwili kwa pamoja: homa siku kadhaa, macho mekundu, vipele, tumbo linauma, anatapika, na moyo unaweza kuguswa. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Wa katikati nao wasijitoe. Korona ya muda mrefu, ile ya kuchoka miezi, kusahau sahau, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, inaonekana zaidi kwa watu wa miaka 35 mpaka 50 hivi, wanawake zaidi ya wanaume, na wengi wao waliugua nyumbani tu kidogo.

Mwisho chanjo, eti inasaidia kila mtu sawasawa. Hapana, na hata Shirika la Afya Duniani halisemi hivyo, Machi 2023 lilipanga watu kwa makundi na watoto na vijana wa chini ya miaka 18 wenye afya wakawekwa kundi la chini kwasababu faida kwao ni ndogo. Uvimbe wa misuli ya moyo baada ya chanjo za mRNA (zile kama za Pfizer na Moderna), ambao ni nadra, umeonekana zaidi kwa wavulana na wanaume vijana na wengi wanapona. Kundi la juu lilikua la wazee, wenye magonjwa sugu, wahudumu wa afya, na wajawazito. Watu wanashangaa mjamzito wa miaka 24 anafanya nini kwenye foleni moja na mzee wa 80. Kwanza ujauzito wenyewe unamuongezea hatari ya kuugua vibaya, pili mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi na katika watoto wote yeye ndo analazwa sana, kwahiyo kinga anayopata ni ile aliyopewa na mama yake akiwa bado tumboni.