Nani hupanga idadi ya wauguzi wodini?

Chukua wodi ya vitanda 30, vyote vimejaa, na mwongozo usemao muuguzi mmoja asihudumie zaidi ya wagonjwa 6. Kila zamu inahitaji wauguzi 5. Wengi wakifika hapa huzidisha kwa zamu 3, hupata 15, na 15 ndiyo inayoandikwa kwenye ikama, yaani orodha ya idadi ya watumishi wanaotakiwa. Ikama hiyo inatosha endapo hakuna hata mmoja atakayepumzika Jumapili.

Hesabu yenyewe ni hii. Nafasi moja inayokaliwa usiku na mchana mwaka mzima ni saa 8,760. Muuguzi wa saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwa mwaka, lakini ni za kwenye karatasi tu. Toa likizo ya siku 25, sikukuu 10, na siku nyingine 10 za kuugua na mafunzo: siku 45 za saa 8, yaani saa 360. Zinabaki 1,720. Gawanya 8,760 kwa 1,720, unapata 5.09. Maana yake kila nafasi ya saa 24 hula watu watano na ziada kidogo, na wodi yetu inataka wauguzi 26. Bado hatujagusa muda wa kukabidhiana zamu: nusu saa mara tatu kwa siku ni zaidi ya saa 540 kwa mwaka kwa kila nafasi, karibu theluthi ya mtu. Likizo ya uzazi nayo haimo, katika kada ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2020 kwamba wanawake ni takriban asilimia 90 ya watu wake.

Nimeanza na hesabu kwa sababu siasa ya uuguzi huingia hapo kabla ya kuingia bungeni. Aliyeandika 15 hakudanganya, ila alichagua njia ambayo fedha zilizopo zingeikubali. Ziko mbinu nyingine za kuifanya namba ionekane nzuri. Muuguzi mkuu wa wodi, anayeshinda kwenye vikao na makaratasi, huhesabiwa kama yuko kitandani kwa mgonjwa. Wanafunzi walioko kwenye mazoezi huhesabiwa kama mikono kamili. Mchana na usiku huchanganywa, ukapatikana wastani wa wagonjwa 7, ilhali saa nane za usiku ni wagonjwa 15 kwa muuguzi mmoja. Nikisoma ripoti ya ikama, swali langu la kwanza huwa: huu ni wastani wa nini?

Neno "upungufu wa wauguzi" nalo linahitaji kupasuliwa, kwa sababu hubeba mambo mawili. Kuna upungufu wa watu, pale vyuo vinapotoa wahitimu wachache kuliko mahitaji. Na kuna upungufu wa nafasi za ajira, pale wahitimu wenye leseni wapo mitaani, wodi hazina wauguzi wa kutosha, na kati yao umesimama ukomo wa fedha za mishahara. Nchi nyingi zilizopita kwenye marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 zinaijua hali ya pili vizuri: ajira za serikali zilifungwa au kubanwa, ilhali wagonjwa hawakupungua. Dawa za hali hizi mbili hazifanani. Ukiongeza udahili wakati tatizo ni kasma (fungu la bajeti) ya mishahara, unaongeza tu idadi ya wanaosubiri kuajiriwa au wanaotafuta viza.

Viza zinatupeleka kwenye uhamaji. Mwaka 2010 nchi wanachama wa WHO zilipitisha kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, zikizitaka nchi zijiepushe na kuwavuna kutoka nchi zenye uhaba mkubwa. Ni kanuni za hiari. Hakuna faini wala mahakama nyuma yake, na muuguzi mwenyewe ana haki ya kuhama, haki ambayo siko tayari kumnyang'anya. Ila tuangalie upande wa anayeajiri. Mwaka 2017 Uingereza iliwaondolea wanafunzi wapya wa uuguzi ruzuku ya masomo upande wa England, ikawaelekeza kwenye mikopo. Maombi yakashuka, na mwaka 2020 msaada wa angalau pauni 5,000 kwa mwaka ukarudishwa. Uamuzi wa kibajeti wa namna hiyo katika nchi tajiri huweza kuonekana miaka michache baadaye kwenye wodi ya nchi nyingine, ambako hakuna aliyeulizwa wala kuupigia kura.

Je, sheria inaweza kuushinda mchezo wa wastani? Jimbo la California, Marekani, lilijaribu. Sheria ya mwaka 1999 iliagiza ukomo wa wagonjwa kwa kila muuguzi, ikaanza kutekelezwa 2004: wagonjwa 2 katika uangalizi mahututi, 6 katika wodi za kawaida, wakipungua hadi 5 mwaka 2005. Serikali ya Gavana Arnold Schwarzenegger ilitaka kuahirisha hatua ya kutoka 6 kwenda 5. Chama cha wauguzi kilikwenda mahakamani, kikashinda. Hata hivyo, nguvu ya kanuni zile naiona zaidi katika maneno mawili: "wakati wote". Muuguzi akienda kula, lazima awepo wa kumshikia wagonjwa. Bila maneno hayo hospitali ingetimiza uwiano saa mbili asubuhi na kuusahau saa sita mchana. Utafiti wa Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, na wenzake, ambao sisi wa fani hii tunautaja kila mara, ulionyesha kuwa kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Ulichapishwa 2002, miaka mitatu baada ya sheria kupita. Wauguzi wa California hawakuusubiri.

Kwa upande wa jamii, mzigo mkubwa ni neno "wito". Shule ya uuguzi ya Florence Nightingale ilipofunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, ilisisitiza tabia njema na utii pamoja na ujuzi. Kazi ilipata heshima, na heshima ile ilikuja na masharti ya mwanamke mwema asiyeuliza. Nightingale mwenyewe alipinga usajili wa wauguzi kwa sheria, akiamini mtihani haupimi tabia. Muuguzi mwenzake wa Uingereza, Ethel Bedford Fenwick, aliupigania usajili huo kwa miaka takriban 30. New Zealand ilitangulia kwa sheria ya 1901. Uingereza ikafuata 1919, vita vikuu vya kwanza vya dunia vimekwisha na baadhi ya wanawake wameshapata kura mwaka uliotangulia. Mpangilio huo wa tarehe si bahati. Wauguzi wanaume nao waliwekwa kwenye orodha ya pembeni ya daftari hilo la Uingereza. Na neno wito, angalia linavyosikika zaidi katika mwezi wa kujadili mishahara.

Jambo la mwisho ni mipaka ya kazi, na hapa wauguzi huumia kimyakimya. Mwaka 2008 WHO ilitoa miongozo ya kugawa upya majukumu ili wauguzi, pamoja na mambo mengine, waweze kuwaanzishia wagonjwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ni hatua nzuri. Kosa hutokea pale wizara inapotoa waraka bila kubadili sheria ya uuguzi na sheria ya dawa. Kwa waraka, muuguzi anaandika dawa. Mgonjwa akidhurika, baraza la wauguzi linafungua sheria, na sheria haimtambui kama mwandika dawa. Kabla ya kupokea jukumu jipya, taka kuona vitu vitatu kwa maandishi: kifungu cha sheria au kanuni kinachoruhusu, cheti cha mafunzo chenye jina lako, na nani atabeba dhamana ya madhara.

Kama una kikao cha bajeti mbele yako, usiende na malalamiko ya uchovu. Peleka hesabu ya 5.09, iliyokokotolewa kwa likizo za kwenu. Peleka jedwali la miezi mitatu lililoandikwa zamu kwa zamu: wagonjwa waliokuwepo, wauguzi waliofika kweli, na safu ya kazi zilizoachwa, kwa mfano mgonjwa hakugeuzwa, dawa ilichelewa zaidi ya saa moja, vipimo vya alfajiri havikuchukuliwa. Lifike kabla ukomo wa bajeti haujatangazwa, maana baada ya hapo kila nafasi unayoomba lazima itolewe kwenye idara ya mwenzako.