Vipindi vya jopo: mtazame pia aliyeshika mkasi

Rebecca Adlington alikuwa na umri wa miaka 19 aliporudi Uingereza kutoka Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na medali 2 za dhahabu za kuogelea. Muda si mrefu Frankie Boyle, mchekeshaji wa Scotland aliyevuma kupitia kipindi cha Mock the Week cha BBC, akatangaza mbele ya hadhira kwamba sura ya msichana huyo inafanana na ya mtu anayejitazama kwenye mgongo wa kijiko. Ukumbi ukaangua kicheko. Walio majumbani hawakucheka wote, malalamiko yakapelekwa, na mwaka 2009 BBC Trust, chombo kilichosimamia shirika hilo wakati ule, ikakiri kwamba maneno yale yalikuwa ya kudhalilisha.

Kazi yangu ni kufundisha namna vipindi vya vichekesho vinavyoandikwa, kurekodiwa na kuhaririwa, na kisa hiki hakikosi kuibuka darasani. Wanafunzi hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema Boyle alivuka mpaka, kuna wanaosema mchekeshaji asiyeudhi mtu hana kazi. Mimi nina jibu: alivuka. Ila ubishi huo wote humsimamisha kizimbani mtu mmoja, na wenzake walioshiriki kulitoa neno lile hewani wanaondoka bila hata kuulizwa majina.

Kipindi cha jopo, yaani kile ambacho wachekeshaji huketi pamoja na kushindana kutania, ukikitazama kwa nusu saa kimerekodiwa kwa saa 2, pengine 3. Katika Mock the Week, kilichorushwa na BBC Two kuanzia 2005 hadi 2022, walikaa wachekeshaji 6, watatu kila upande, na Dara Ó Briain akiwaongoza. Kwa saa hizo zote wanasema kila kinachowajia: kizuri, kibovu, kichafu, kisicho na kichwa wala miguu. Usiku ukiisha kuna rundo la maneno, na sehemu kubwa ya rundo hilo hutupwa. Mtayarishaji analipitia, mhariri anakata, mtu wa kanuni anasikiliza, na pale panapotajwa mtu halisi mwanasheria naye anaitwa. Have I Got News for You, kipindi cha BBC cha kutania habari za wiki kilichoanza mwaka 1990, kwa miaka mingi kimekuwa kikirekodiwa Alhamisi na kurushwa Ijumaa, na katikati ya siku hizo mbili wanasheria hupata nafasi ya kukiangalia kabla wewe hujakiona.

Kwa hiyo neno la kijiko halikumponyoka mtu likaruka moja kwa moja mpaka sebuleni kwako. Liliwekwa kwenye meza ya uhariri, likasikilizwa tena kwa utulivu, likaonekana linafaa, likaachwa. Mchekeshaji alikuwa na sekunde 2 za kufikiri. Waliolipitisha walikuwa na siku kadhaa.

Halafu kuna muundo wenyewe wa kipindi, na hapa ndipo ningependa watazamaji wawe wakali zaidi. Mock the Week ilikuwa na raundi ya mwisho ambapo mwongozaji anatoa mada, na wachekeshaji wanasogea mmoja mmoja kwenye kipaza sauti kutupa sentensi moja na kurudi. Fikiria uko pale. Mwenzako ametoka kuchekesha. Una sentensi moja. Ukitoa mzaha wa taratibu, unaohitaji maelezo, mhariri atautupa kwa kuwa hauna kicheko cha ghafla. Ukitoa wa kushtua, ukumbi utapiga ukelele, nusu kicheko nusu mshtuko, na ukelele huo ndio unaobaki kwenye kipindi. Baada ya misimu miwili kila aliye mezani ameshajifunza kipi kinachobaki. Jo Brand, mmoja wa wachekeshaji wakongwe wa Uingereza, aliwahi kueleza kwamba hakutaka tena kwenda kwenye kipindi hicho, na si yeye pekee aliyelalamikia ile hali ya kupigana vikumbo kugombea nafasi ya kusema. Ukiwaweka watu 6 wagombee dakika chache na ukampa tuzo anayepiga kelele zaidi, usishangae kelele zikizidi.

Sheria inasemaje? Wengi hudhani kuna orodha ya maneno na mada zilizopigwa marufuku. Hakuna. Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, haimkatazi mtu kuudhi. Kanuni zake zinadai kwamba chochote kinachoweza kuudhi kihalalishwe na muktadha: kimerushwa kwenye kituo gani, saa ngapi, watazamaji walitarajia nini, walionywa au hawakuonywa. Kabla ya saa 3 usiku watoto wanalindwa kwa masharti makali, baada ya hapo kamba inalegezwa. Na Ofcom haizuii kitu kisirushwe. Inahukumu baada ya kurushwa, tena mara nyingi miezi kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshahamia kwenye hasira nyingine.

Hukumu yake ninayoiona kuwa na mafunzo zaidi haikuhusu kipindi cha jopo, bali mhusika ni yuleyule. Mwishoni mwa 2010 Boyle alikuwa na kipindi chake mwenyewe kwenye kituo cha televisheni cha Channel 4, Tramadol Nights, na humo alifanya mzaha wa kingono kuhusu mtoto mlemavu wa miaka 8 ambaye mama yake ni mtu maarufu. Kituo kilijitetea kwamba walengwa ni wazazi na namna wanavyojianika mbele ya vyombo vya habari. Mwaka 2011 Ofcom ilikataa utetezi huo na kuamua kwamba kanuni zilivunjwa. Sababu yake kubwa ilikuwa kwamba mtoto yule, anayejulikana na watu, ulemavu wake ulifanywa kichekesho ilhali hakuchagua mwenyewe kuishi mbele ya kamera.

Ninaukubali uamuzi huo bila kusita. Ulemavu si mada takatifu, na wapo wachekeshaji walemavu wanaoufanyia mzaha kwa ustadi unaowaacha wengine mbali. Lakini mtoto hawezi kurudi wiki ijayo, akaketi kwenye kiti cha pembeni na kujibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Swali langu la kwanza kwa mhariri yeyote ni kama huyo anayechomwa ana njia ya kuurudisha.

Ndiyo maana sina tatizo na ukali ukielekezwa juu, kwa wenye nguvu. Mwaka 1993 mwanasiasa Roy Hattersley alishindwa kwa mara ya tatu kufika kwenye Have I Got News for You. Watayarishaji wakaweka kopo la mafuta ya nguruwe kwenye kiti chake, wakalitambulisha kama mbunge, na kipindi kikaendelea nalo mpaka mwisho. Ni dhihaka kali, tena inamgusa mtu kwenye mwili wake. Hata hivyo Hattersley alikuwa mtu mzito katika chama cha Labour, mwandishi mwenye magazeti ya kumchapisha, na kosa lililomponza alilitenda mwenyewe: hakuja. Mwaka 2002 mwongozaji wa kipindi hichohicho, Angus Deayton, alipoandikwa magazetini kwa mambo yake ya faragha, Ian Hislop na Paul Merton, manahodha wa timu mbili za kipindi, walimrarua hewani akiwa amekaa katikati yao. Baadaye mwaka huo alipoteza kazi. Kwa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 10 alikuwa akiwasomea wengine aibu zao kwa tabasamu, sioni dhuluma kubwa hapo. (Ila nikiri kwamba kuitazama sehemu ile bado kunanikunja uso.)

Kisa kinachonisumbua zaidi kilitokea mahali pasipotarajiwa. QI ni kipindi cha kistaarabu cha maswali na maarifa. Wanaokipenda ni watu wanaokunywa kitu cha moto huku wakijifunza jambo. Desemba 2010, Stephen Fry akiwa mwongozaji, walizungumzia habari za Tsutomu Yamaguchi, Mjapani aliyekuwa Hiroshima kikazi bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945. Aliungua, akarudi nyumbani kwao Nagasaki, na huko tarehe 9 likamkuta la pili. Alinusurika yote mawili na kuishi hadi Januari 2010, akafariki akiwa na miaka 93. Jopo lilimjadili kama mtu mwenye bahati mbaya kuliko wote duniani, picha ya wingu la bomu ikiwa nyuma yao, na wakatania jinsi treni za Japani zilivyoendelea kufanya kazi hata baada ya bomu.

Ubalozi wa Japani London ulilalamika, na Januari 2011 BBC ikaomba radhi. Binti wa Yamaguchi naye alisema wazi kwamba alichukizwa.

Ukiusikiliza mzaha wenyewe, sehemu kubwa ulikuwa ukiwapiga Waingereza, ambao treni zao huchelewa kwa sababu zisizokuwa hata na chembe ya moshi. Hakuna mwanajopo aliyemdharau marehemu. Kwa kipimo cha nia, hawana hatia. Lakini anayeketi nyumbani Nagasaki hasikii treni za Uingereza. Anasikia kicheko na kuona wingu lile. Uchungu wa bomu la atomiki kwa Waingereza ni habari ya kwenye vitabu. Kwa Wajapani ni majina ya ndugu. Mhariri mmoja mezani angeuliza tu, “na jamaa zake wakiona?”, picha ile ya nyuma ingeondoka na utani wa treni ungebaki salama. Hapo hapakuwa na mchekeshaji mtukutu wa kumlaumu, ndiyo maana watu wameisahau haraka.

Kuna hoja kwamba maneno hayavunji mfupa, kwamba mzaha ni mzaha. Wenzetu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Thomas Ford na wenzake nchini Marekani wameandika tangu 2004 kwamba utani wa kudhalilisha kundi fulani haumfanyi mtu asiye na chuki aamke na chuki. Unachofanya ni kumlegezea breki yule ambaye tayari anayo. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, wanaume waliokuwa na uhasama kwa wanawake tangu mwanzo, wakishasikilizishwa utani wa kuwadhalilisha wanawake, walikuwa wagumu zaidi kuchangia shirika la wanawake. Wale wasio na uhasama hawakubadilika hivyo. Matokeo haya hayazipi raha pande zote mbili za ubishi. Anayesema utani unaambukiza ubaya ametia chumvi, na anayesema hauna madhara yoyote amekosea.

Upande wa wachekeshaji nao una madai ya haki. Mwaka 2012 Boyle alishinda kesi dhidi ya gazeti la Daily Mirror lililomwita mbaguzi wa rangi na kudai kwamba alilazimishwa kuondoka Mock the Week. Alieleza mahakamani kwamba maneno aliyonukuliwa aliyatia kinywani mwa wabaguzi ili kuwaumbua. Baraza la mahakama lilimwamini na kumpa fidia ya pauni 54,650. Mtu anayesikia neno la mhusika na kulihesabu kuwa imani ya msemaji hajausikiliza mzaha hata kidogo. Siku hizi kosa hilo ni rahisi mno, kwa sababu kinachosambaa mitandaoni ni kipande cha sekunde 15 kisicho na swali lililokizaa wala sauti ya mwongozaji aliyemkemea msemaji.

Na jambo la Jo Brand mwaka 2019 linanirudisha kwenye mkasi. Mwezi Mei mwanasiasa Nigel Farage alimwagiwa maziwa ya kutikisa huko Newcastle. Mwezi Juni, katika Heresy, kipindi cha jopo cha redio BBC Radio 4, Brand aliuliza kwa nini mtu ajisumbue na maziwa ilhali angeweza kupata tindikali ya betri. Akaongeza papo hapo kwamba hilo ni wazo tu la kichwani, hatalifanya. Polisi waliliangalia jambo hilo na kuliacha. Kitengo cha malalamiko cha BBC kilisema mzaha ule haukuwa uchochezi, lakini ulipita kiasi kinachofaa. Brand mwenyewe alikubali hadharani kwamba lilikuwa neno lisilo na busara.

Waliolengwa ni wanasiasa, watu wenye nguvu na vipaza sauti vyao, kwa hiyo kwa kipimo nilichokitetea hapo juu angestahili kupita. Mimi ningeikata sentensi ile. Miaka 2 tu kabla ya hapo London ilikuwa imeona wimbi la watu kumwagiwa tindikali mitaani, na waliobaki na makovu hayo nao husikiliza redio. Hawakuwa walengwa, ila ni wao waliopigwa. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa kabla, muda wa kuikata ulikuwepo, na nusu saa ile isingepungukiwa na chochote.