Mizani ikisogea, dawa imehama

Mgonjwa akifungua pakiti niliyomfungia, huokota kipande kimoja na kuuliza, "Hiki ni cha nini, daktari?" Swali hilo hunipa tabu. Katika tiba ya Kichina kipande kikiwa peke yake hakina jibu.

Chukua gui zhi tang, dawa ya mafua aliyoiandika Zhang Zhongjing mwishoni mwa enzi ya Han, yapata miaka 1,800 iliyopita. Ina vitu vitano tu: vijiti vya mdalasini wa Kichina, mzizi mweupe wa peoni (mmea wa maua), tangawizi mbichi, kunazi nyekundu zilizokaushwa, na gancao, mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irq sus. (Mdalasini wetu wa pilau ni gome, tena mara nyingi la mti mwingine. Usiutie humo.)

Anayeihitaji ana homa, upepo unamkera, na jasho linamtoka bila kumpa nafuu. Mdalasini ndiye mfalme, hupeleka joto nje kwenye ngozi. Peoni, waziri wake, humshika shati, jasho lisimwagike mwili ukakauka. Ndiyo maana hupimwa sawasawa, siku hizi gramu 9 kwa 9. Tangawizi humsaidia mfalme na kutuliza kichefuchefu, kunazi humsaidia waziri, gancao huwapatanisha wote.

Vyeo hivi ni lugha ya wazee wa tiba, si ya maabara. Maabara nayo ina lake: gancao ikizidi hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, kwa hiyo kama unameza vidonge vya presha, niambie kabla sijapima chochote.

Kunazi ni 12, na kitabu cha Zhang kinataka zipasuliwe. Nilipokuwa mwanafunzi nilizitumbukiza nzima. Zikavimba kama vipira, utamu wote umebaki ndani ya ganda, supu kali. Mwalimu alionja, akanitazama, akaimwaga.

Sasa pandisha peoni hadi gramu 18, vingine usiviguse. Dawa imeacha mafua, imehamia kwenye maumivu ya tumbo, na jina lake limebadilika. Ongeza sharubati ya kimea, unapata xiao jian zhong tang, ya tumbo dhaifu linalosokota. Na mdalasini uleule, ukiingia kwenye ma huang tang, dawa nyingine ya mafua, unavuliwa ufalme na kuwa waziri.

Kuna na kitu cha sita kisichomo kwenye pakiti: uji. Ukishakunywa dawa, subiri kidogo, kunywa uji mwepesi wa mchele ukiwa wa moto, jifunike kwa muda wa kama saa mbili. Jasho liwe la kulowanisha ngozi tu, likichuruzika umezidisha. Ukipona kwa kikombe cha kwanza, vilivyobaki havinywewi. Amri hii ya mwisho ndiyo wagonjwa wangu huivunja kuliko zote. Wameshalipia, basi watamaliza.