Je, picha moja hubebaje kumbukumbu ya vita vizima?

Barazani kwetu Lamu niliwahi kueleza, kwa kujiamini kusikostahili, kwamba ile picha ya msichana anayekimbia uchi barabarani, ngozi ikiungua, inaonyesha kazi ya ndege ya Marekani, na kwamba ndiyo iliyokomesha vita vya Vietnam. Nilikosea mara mbili.

Picha ilipigwa Trang Bang tarehe 8 Juni 1972. Bomu la napalmu, mafuta mazito yanayoshika mwilini huku yakiwaka, liliangushwa na ndege ya jeshi la Vietnam Kusini, mshirika wa Marekani, likawaunguza raia wa upande huohuo, akiwemo Phan Thi Kim Phuc aliyekuwa na miaka 9. Marekani haiponi lawama, kwani ndege ilitengenezwa kwake. Lakini kufikia siku hiyo wengi wa askari wake walikwisha kurudi nyumbani, na wananchi wake wengi walikwisha kuvichoka vita. Picha haikuwageuza, iliwakuta wamegeuka. Hata jina la mpiga picha, Nick Ut, limetiwa shaka, na mwaka 2025 World Press Photo, shirika linalotoa tuzo za picha za habari, ilisitisha kumtaja kuwa ndiye aliyeipiga.

Kwa nini basi tunakumbuka tofauti na ilivyokuwa? Mtazame fundi anayechonga mlango wa Lamu. Haongezi kitu juu ya ubao, anapunguza tu: patasi inatoa kibanzi baada ya kibanzi mpaka ua linajitokeza, kisha vibanzi vinafagiwa, na mlango ukishasimamishwa hakuna anayeviulizia. Mhariri wa gazeti naye hupunguza. Katika picha kamili, upande wa kulia yupo mtu mwenye mavazi ya kijeshi anayeshughulikia kamera yake. Magazeti mengi yalimkata. Kila picha inapochapishwa upya hukatwa palepale, mpaka ua linadhaniwa kuwa ndio mti wenyewe.

Wakati mwingine patasi hushikwa na bahati tu. Katika mauaji ya My Lai, kijiji cha Vietnam ambako askari wa Marekani waliwaua raia, tarehe 16 Machi 1968, mpiga picha wa jeshi Ronald Haeberle alibeba kamera ya jeshi pamoja na yake binafsi, na picha za rangi zilizoishtua Marekani mwishoni mwa 1969 zilitoka katika hiyo ya binafsi.

Isidhaniwe kwamba pasipo picha hakuna kumbukumbu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya wakoloni ya Hola, kwenye Mto Tana, na hakuna picha moja ya kipigo hicho ambayo Wakenya wote wanaitambua. Nilipowauliza wazee wa baraza ileile, ambao Vietnam waliieleza upesi mpaka mikono ya yule msichana ilivyotanuka, walinyamaza kidogo. Kisha mmoja akasema, "Si wale walioambiwa wamekufa kwa kunywa maji?" Hayo ndiyo maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni, na ndiyo yaliyobaki.